Boma Tulilofagia

Tangu tumzike yaya yangu, dada yangu mkubwa Aziza, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, pua yangu imeharibika. Kila harufu inanishika shingo na kunipeleka mahali sikuomba kwenda. Juzi nilishuka Lilongwe na mjukuu wangu Salama kutafuta mchele wa hitima yake katika maduka ya Wahindi ya Old Town, maana mchele wa hapa kambini una mawe, na yaya alikuwa mtu wa kuchambua mchele mpaka macho yamuume. Tukatoka dukani na mfuko wetu. Kando ya njia alikaa mama mmoja Mmalawi anauza mkate wa mahindi na ndizi, ule unaoivia ndani ya jani la mgomba. Akafungua mmoja ili tuone ulivyo laini. Mvuke ukatoka, na harufu ya jani lililoiva, tamu na chungu pamoja. Nikageuka, nikatema mate chini.

"Pepani, amayi," yule mama akasema. Anaomba msamaha na hata hajui amekosa nini.

"Tate!" Salama akanivuta kikwembe, mimi bibi yake. "Unatupatisha haya mbele ya bantu. Mukate ni muzuri."

"Mukate ni muzuri. Jani njo siipendi."

"Jani ilikufanya nini?"

"Nyamaza, beba mufuko, twende."

Salama amefika umri wa kuolewa na bado anauliza kama mtoto. Nilimnyima jibu njia nzima. Lakini ninyi wa rika langu, ninyi mliopata kuwa na kwenu kabla ya kupewa namba na blanketi, ninyi nitawaambia.

Kwetu ni Maniema, upande wa Kasongo, mahali mpunga unaota kama majani tu na mtu akila mawese yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Mama yangu alikufa nikiwa nanyonya. Aziza njo alinibeba mgongoni, akanitafunia chakula, akanifundisha kutawadha na kupiga goti nikisalimia wakubwa. Kwa hiyo nikisema yaya, sisemi dada tu. Nasema mtu ambaye mgongo wake niliujua kabla ya uso wake.

Juu ya kijiji chetu kulikuwa na kilima, na juu ya kilima kulikuwa na boma la zamani. Kuta zake za udongo zilikuwa zimeshuka mpaka kimo cha mbuzi, handaki limejaa matete, lakini mlango ulikuwa bado unasimama, mawe mawili makubwa huku na huku. Ndani kulikuwa na miti ya ndimu iliyozeeka, inazaa ndimu ndogo kali ambazo hakuna aliyezichuma ila ndege. Wazee walisema boma lilijengwa na Bwana mmoja aliyetoka mashariki, akaja kutafuta pembe za tembo. Pembe tu njo nilisikia mimi.

Kila mwaka, mpunga ukishaingia ghalani, watu wa nyumba ya juu walipanda kwenda kuzuru kaburi la yule Bwana. Tuliwaita wa nyumba ya juu kwa sababu wao ni wajukuu wake. Kanzu nyeupe, dufu, ubani, wanawake katika vikwembe vilivyotoka sandukuni siku ile ile. Lakini hawakupanda kwanza. Sisi njo tulipanda kwanza, Baba, Aziza na mimi.

Sasa nielezeni. Nani anafika kwenye nyumba mbele ya wageni? Mwenye nyumba. Nani anafagia, anachota maji, anawasha moto, anatandika mikeka? Mwenye nyumba. Nani anakula wa mwisho, wageni wakishashiba? Nani anatoka wa mwisho, akishazima moto? Kichwa changu kidogo kilizungusha mambo hayo kikapata jibu moja: boma ni letu. Wale wa nyumba ya juu ni wageni wetu, tena wageni wa taabu, wenye kuja na kelele na kutuachia masufuria machafu.

Nilijisifu mpaka chuoni, kule tulikosoma Kurani. Kulikuwa na mtoto mmoja, Shabani, akanicheka mbele ya wote.

"Boma yenu? Na we njo unabeba fagio?"

"Njo mimi. Na ninyi kwenu munabeba nini? Chawa?"

Mwalimu alinichapa. Alinichapa kwa ajili ya chawa, si kwa ajili ya boma, na mimi nikaona: hata mwalimu mwenyewe hakukataa.

Na kulikuwa na jiwe. Mbele ya mlango, upande wa kushoto, jiwe pana lenye pete ya chuma iliyozamishwa ndani yake. Pete imeliwa na kutu, na kuizunguka jiwe lenyewe limelika, limekuwa laini kama mdomo wa kinu. Kazi zote za boma tuligawana, ila jiwe lile Baba hakumwachia mtu. Alipasha maji moto kidogo, akaliosha kwa mkono wake polepole, hivi tu mnavyomwosha mtu mliyempenda, halafu akalipaka mawese mpaka linang'aa.

"Baba, jiwe inasikia baridi?" nilimwuliza mwaka mmoja.

"Inasikia."

"Na hii pete ni ya nini?"

Akakamua kitambaa. "Ya kufungia."

"Kufungia mbuzi?"

"Mwamini, lete maji ingine."

Basi nikajua ni ya mbuzi. Hakuna aliyeniambia hapana.

Mwaka ninaousema, Aziza alikuwa ameshapendwa. Ramazani, mjukuu wa Bi Mkubwa wa nyumba ya juu, kijana mrefu mwenye sauti nzuri ya kusoma Kurani, alianza kupita kwenye shamba letu la mpunga bila shughuli. Anasalimia, anasimama, anauliza kama ndege wanakula sana mwaka huu. Ndege! Mtu anatembea asubuhi nzima kuja kuuliza ndege. Aziza alimjibu bila kuinua macho, "Ndege banakula, kaka, njo kazi yao." Lakini jioni alitwanga huku anaimba, na mchi wake ulikuwa unaruka kama mtoto.

Siku moja Ramazani akamwambia ameshasema kwao, na Bi Mkubwa atatoa jibu siku ya ziara. Kwetu jibu la namna hiyo halisemwi na mdomo. Wanawake wa upande wa mume wakimtaka binti, wanamwita mbele ya watu wote, anakwenda kuketi kwenye sinia yao na kutia mkono pamoja nao. Akila nao, ameshakuwa wao. Asipoitwa, chakula chake kikaletwa peke yake juu ya jani la mgomba, basi mambo yamekwisha, na hakuna wa kuuliza sababu. Baba alijua. Aziza alijua. Hata mimi nilijua, ila mimi sikuwa na wasiwasi wowote. Nani atamkataa binti wa mwenye boma ndani ya boma lake?

Baba peke yake hakuwa na raha. Akawa anazunguka zunguka.

"Aziza, mwanangu. Mutu anaweza ugua siku ya ziara. Mutu anaugua tu."

"Siko mugonjwa, Baba."

"Minasema tu. Tumbo, ao kichwa. Ningewaambia."

"Baba. Siko mugonjwa."

Akatoka nje, akaanza kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Tuliondoka alfajiri, umande bado. Matete yalitulowesha mpaka kiunoni. Baba alitangulia na mbuzi na sufuria kubwa, Aziza nyuma yake na kitunga cha mchele kichwani, mchele aliotwanga mwenyewe na kuupepeta mpaka hakuna punje iliyovunjika. Mimi nyuma na fagio zangu. Alikuwa amejipaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, na kila upepo ukija mbele niliyapata, harufu nzito ya mbegu zilizokaangwa, nikawa nafuata harufu ya yaya kama mwana-mbuzi. Tulipita kijito juu ya gogo lililooza. Halafu kilima kikaanza, udongo mwekundu unaoteleza, mahali pengine unashika mizizi kwa mkono. Nilichoka, lakini sikusema nimechoka. Nilinyosha shingo. Nilijiambia, mtu anayekwenda kwake halalamiki njia.

Tulifagia. Tukachota maji kule chini ya kilima, tukarudi, tukachota tena. Baba akaosha jiwe lake. Aziza akapika wali, nyama na sombe ya majani ya muhogo, akageuza wali kwa mikono miwili, jasho linamdondoka, anajifuta na bega ili lisiingie kwenye chakula. Kila kitu kilipoiva, akaenda nyuma ya ukuta kubadili nguo. Akarudi na kikwembe cha kijani ambacho hatukuwahi kukiona.

"Niko namna gani?"

"Uko bibi-arusi," nikasema.

Akanipiga kofi dogo la mdomo. Lakini alicheka.

Tukasikia dufu kutoka bondeni. Mimi nikakimbia mpaka katikati ya mlango, fagio bado mkononi, nikatandaza mikono. Walipotokea, kanzu mbele na wanawake nyuma, niliwapokea kwa sauti yangu yote.

"Karibuni! Karibuni kwetu! Muingie, muikale, muko nyumbani!"

Wakacheka. Wanaume wa dufu wakashindwa kupiga. Wanawake wakashikana mabega. Na mimi nikacheka nao, nikaona wageni wamefurahi, ziara ya mwaka huu itakuwa nzuri.

Bi Mkubwa peke yake hakucheka. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye wanja machoni, na fimbo. Akasimama mbele yangu.

"Huyu ni wa nani?"

"Wa Selemani," mtu akajibu.

"Aaa. Wa Selemani. Na kwenu ni wapi, mwanangu?"

"Hapa, Bi Mkubwa."

"Hapa wapi?"

"Hapa bomani. Sisi njo tunafungua, sisi njo tunafunga."

Wakacheka tena, lakini sasa kicheko kilikuwa kifupi. Bi Mkubwa akainua fimbo, akaelekeza kwenye jiwe. Mawese yalikuwa bado mabichi.

"Kwenu ni pale," akasema. "Tate ya baba yako, babu yake Selemani, alizaliwa pale, mama yake akiwa amefungwa kwa ile pete. Balikuwa bangojea kwenda njia ya bahari. Bwana akaona mwanamuke amechoka, hatafika. Akamubakiza, yeye na mutoto, bafagie." Hakuinua sauti. Alisema kama mtu anayekufundisha njia ya kwenda sokoni. "Selemani, haufundishe batoto?"

Baba alikuwa ameshika kamba ya mbuzi, kamba tu, maana mbuzi alikuwa ameshachinjwa. "Ni mutoto, Bi Mkubwa."

"Njo wakati wa kufundisha."

Akapita. Wote wakapita, mmoja mmoja, na marashi yao. Ramazani alipita akiangalia mbali, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha nyumbani.

Nitawaambia ukweli: maneno niliyasikia, lakini hayakuingia mara moja. Nilikwenda nikagusa pete. Ilikuwa baridi, na mawese yakanipaka vidole. Nikatia mkono wangu ndani yake, ukapita wote mpaka kwenye kifundo na nafasi ikabaki. Hapo njo nilianza kuelewa. Mbuzi hafungwi na pete ya ukubwa ule.

Wakasoma dua kwenye kaburi. Sisi tulikaa nje ya mlango, mahali petu. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba tunakaa nje. Miaka yote nilidhani tunalinda.

Aziza alikaa ameunyosha mgongo, mikono juu ya mapaja. Bado alingojea. Yaya yangu alikuwa mtu wa kungojea mpaka mwisho. Kupitia mlango tuliona sinia zinawekwa, ya wanawake huku na ya wanaume kule, karibu na ndimu. Ramazani aliketi na wanaume, uso wake upande wetu. Bi Mkubwa akasema bismillah. Kwenye sinia yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, niliiona kwa macho yangu, wanawake wamesogea. Nikamminya Aziza mkono. Halafu shangazi mmoja wa Ramazani akanyanyuka, akaja kwetu, na alichobeba kilikuwa kinatoa mvuke. Wali wa moto juu ya jani la mgomba, na jani limeanza kuiva chini yake.

"Bi Mkubwa anasema Mungu akulipe kwa kazi," akamwambia Aziza.

Aziza akapiga goti. Akapokea kwa mikono miwili, vile alivyonifundisha mimi kupokea. "Asanti, mama."

Yule mwanamke akarudi, akaketi katika nafasi ile. Wakaanza kula.

"Yaya, tupa," nikasema. Nilikuwa nalia. "Yaya, usikule, tupa chini!"

"Hii mchele niliitwanga mi mwenyewe," akasema Aziza. "Niliibeba, niliipika. Nimuachie nani?"

Akala. Alikula wote, mpaka zile punje zilizonata kwenye mishipa ya jani alizikwangua kwa kidole. Na wakati wote alimwangalia Ramazani kupitia mlango. Ramazani alimwona. Mkono wake ulisimama juu ya sinia, kidogo tu. Mimi nikashika pumzi. Halafu mkono ukashuka, ukafinyanga tonge, ukapanda mdomoni.

Baba hakula. Alikuwa anakunja kamba, anaikunjua, anaikunja.

Walipoondoka, tulisafisha. Niulizeni kwa nini tulisafisha. Tulisafisha. Tukasugua masufuria kwa mchanga, tukazima moto, tukashuka. Karibu na kijito nikamkamata Baba kanzu.

"Juu ya nini haukuniambia?"

Alitembea kwanza. Halafu akasema, bila kugeuka, "Ulikuwa unapanda kile kilima na shingo wima. Baba yangu hakupanda vile. Mi sikupanda vile. Nikakuona nyuma yangu na fagio zako, nikasema, muache. Walau mumoja kwetu apande vile."

Shingo hiyo ninayo mpaka leo. Hapa Dzaleka wananisema, Mama Mwamini ana majivuno, anasimama kwenye bomba la maji kama bomba ni la baba yake. Ni kweli, nasimama hivyo. Mkiniita kwenye harusi nakuja na sahani yangu mwenyewe, ya bati, imechubuka, na vijana wananicheka. Wacheke. Mimi kitukuu wa mtoto aliyezaliwa kwenye jiwe, nimekuja kuzeekea mahali palipokuwa jela kabla ya kuwa kambi. Nikiinama, nani ataniinua? Majivuno yangu yalizaliwa na kosa la mtoto, najua. Lakini baba aliliona lile kosa akalilea kama yai, na mimi sina urithi mwingine.

Ramazani alirudi shambani. Mpunga ulikuwa umeshakatwa, ndege hawakuwepo, kwa hiyo hakuwa na la kuuliza. Alisimama pembeni ya shamba, amevua kofia.

"Aziza, moyo yangu haijageuka. Twende Kindu. Niko na mujomba kule, hakuna mwenye atatujua."

Aziza alikuwa anafunga majani makavu. Hakuacha kufunga.

"Nilikuona, Ramazani. Mukono yako ilikuwa ndani ya sinia."

"Bi Mkubwa alikuwa pale! Bazee bote balikuwa pale. Ningesema nini?"

"Sikutaka useme. Ungeitoa tu."

"Aziza..."

"Ungeitoa, ungeiweka chini. Ningengojea mpaka nizeeke."

Akaondoka. Alitembea polepole, anageuka geuka, anadhani ataitwa. Hakuitwa. Usiku ule Aziza alilala kunigeukia, akanishika kama zamani, na nikasikia kifua chake kinapanda na kushuka bila sauti hata moja.

Mwaka uliofuata wakatuletea neno: siku ya ziara imekaribia, mukafagie. Mimi nilidhani hatutakwenda. Nilikuwa bado sijajua jambo la mwisho ambalo kila mtu mzima alilijua: shamba la mpunga halikuwa letu. Lilikuwa la nyumba ya juu, nasi tulililima kwa sababu tulifagia. Baba akatafuta fagio. Aziza akanyanyuka, akatwanga mchele kama kawaida, bila wimbo.

Tukapanda. Tukafagia. Baba akaosha jiwe. Mwaka huo na mimi nililiosha, akanipa nafasi.

Ramazani alikuwa ameshaoa, binti wa nyumba kubwa kutoka ng'ambo ya mto, mnene, mtulivu, hakuna ubaya ninaoweza kumsemea. Walipoketi kula, Bi Mkubwa akaita kutoka kwenye sinia yake.

"Aziza! Kuya unawishe banaume. Anza na bwana-arusi."

Kulikuwa na wengine wa kunawisha. Wote walijua. Bi Mkubwa alitaka mambo yaonekane yamekwisha, na mbele ya mke yaonekane yamekwisha vizuri.

Aziza akachukua birika na bakuli. Akaingia ndani ya mlango, mara ya kwanza kumwona ameingia wakati wao wamo. Akapiga goti mbele ya Ramazani. Ramazani akatoa mikono. Aziza akamimina.

Mtu ananawa kidogo tu, mnajua. Maji yanapita, vidole vinasuguana, mtu anasema inatosha. Ramazani akasema inatosha. Aziza akamimina. Bakuli likajaa, maji yakaanza kufurika kwenye mkeka. "Inatosha, yaya," Ramazani akasema tena, na sauti yake ile nzuri ilikuwa imekuwa nyembamba. Aziza akamimina. Maji yakaingia kwenye mikono ya kanzu, yakateremka mapajani, yakafika kwenye sinia ya wazee na wali ukaanza kuelea. Hakuna mtu aliyejisogeza. Ramazani mwenyewe hakurudisha mikono. Aliishikilia pale mbele yake, kama mtu aliyetolewa kwenye mto.

"Aziza! Inatosha!" Bi Mkubwa akapiga fimbo chini.

"Bado, Bi Mkubwa," akasema yaya yangu. Aliisema kwa adabu yote. "Mikono yake haijatakata."

Akamimina mpaka birika likatoa hewa. Halafu akaliweka chini, akanyanyuka, akatoka. Hakukimbia.

Habari hiyo ilitutangulia kila mahali tulipokwenda. Hakuna nyumba iliyotuma mtu kumposa yaya tena, ya juu wala ya chini, maana nani anataka mke wa mkono ule? Alishona nguo za arusi za wengine mpaka macho yakaisha. Alinilelea watoto, halafu wajukuu, akatembea nami vita vyote, akafia kwenye mkeka wangu. Wakati wa msiba wanawake waliniuliza kwa nini hakuolewa, nikasema Mungu hakuandika. Mungu aliandika. Watu njo walifuta.

Siku ya pili baada ya ziara, shamba likachukuliwa. Hawakugombana nasi. Walituma tu mtu mwingine na jembe lake. Tukafunga vitu vyetu, tukatoka kijijini mchana kweupe, njia inayopita mbele ya nyumba ya juu, kwa sababu njia nyingine haikuwepo. Watu walikuwa wamesimama milangoni.

"Selemani," mmoja akauliza, "banakufukuza?"

"Apana," Baba akajibu, kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Tumemaliza kufagia."

Nilimpenda siku ile kuliko siku zote. Nilitembea nyuma yake na kichwa juu. Tulipofika ng'ambo ya kijito, mahali ambapo nyumba hazionekani tena, akatua mzigo, akaketi chini kwenye udongo, akalia kwa ajili ya shamba lake. Alilitaja kona kwa kona, penye maji na penye kivuli na pale mpunga ulipowahi kukomaa. Aziza alisimama kando yake akamsikiliza mpaka mwisho, kitunga kichwani, hakukitua.